Mlango uliobonyea: lini joto linasaidia na lini linaharibu

Swali: "Shikamoo fundi. Nipo Tanga, naendesha Toyota IST. Bodaboda alinigonga ubavuni, mlango wa nyuma wa kushoto ukaingia ndani kwa upana wa kama viganja viwili. Rangi haijapasuka, ila kwenye ncha moja kuna mkunjo mkali pale usukani wa pikipiki ulipochoma. Bampa la nyuma nalo limebonyea pembeni, hilo niligonga mwenyewe nikirudi nyuma. Mdogo wangu kanionyesha video za draya ya nywele na barafu, na nyingine za maji ya moto. Fundi wa mtaani anasema atapiga moto wa gesi, anyooshe, apige puti na rangi, siku mbili kazi imekwisha. Nimwachie? Au ninunue tu mlango mwingine uliotoka Japani?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa gari, na umefanya vizuri kuuliza kabla moto haujawashwa, maana bati likishaungua hakuna fundi wa kulirudisha lilivyotoka kiwandani.

Nianze na jambo linalobeba mengine yote. Joto halinyooshi bati. Kinachonyoosha bati ni nguvu: mkono, nyundo, nondo ya kusukumia kutoka ndani, au kuvuta kutoka nje. Kwenye bodi ya gari joto lina kazi mbili tu. Ya kwanza ni kulainisha kitu kigumu ili kisipasuke kinaposukumwa. Ya pili ni kusinyaza bati lililotanuka. Ukijua gari lako linahitaji ipi kati ya hizo, na wapi hasa, utajua la kumjibu fundi wako.

Bati la nje la mlango wa gari dogo lina unene wa karibu milimita 0.7 hadi 0.8. Kiwandani lilikandamizwa kati ya vyuma viwili vya umbo mpaka likapata mviringo wake, na mviringo huo ndio unaolipatia ukakamavu. Likigongwa na kitu butu, sehemu kubwa ya katikati inakuwa haijaharibika. Imesukumwa tu, na yenyewe inataka kurudi. Kinachoizuia ni ule ukingo unaozunguka mbonyeo. Pale pembeni bati limekunjwa kupita uwezo wake wa kurudi, na mkunjo umeifunga katikati isitoke. Ndiyo maana fundi anayejua kazi haanzi katikati. Anatafuta ukingo, anaulegeza kidogo kidogo akianzia palipokunjwa mwisho, na katikati inapanda karibu yenyewe. Anayeanza kwa kupiga nyundo katikati analitanua bati ambalo halikuwa na tatizo, kisha inambidi atafute moto wa kutibu alichokisababisha. Magari mengi ninayoletewa "yarekebishwe tena" yalianza hivyo.

Ukitaka kuuona ukingo mwenyewe, subiri jioni, egesha gari karibu na taa ndefu ya tyubu, chuchumaa na uutazame mlango kwa ubavu. Mstari wa mwanga utanyooka penye bati zima na utapinda penye mbonyeo. Halafu weka kitambaa chembamba cha pamba chini ya kiganja na upitishe mkono kwa urefu wote wa mlango, si kwa ncha za vidole. Kiganja kinakamata mawimbi ambayo jicho linayakosa. Mwisho bonyeza polepole kwa kidole gumba hapa na pale. Bati zima linakusukuma nyuma. Bati lililotanuka linapwaya: linaingia, linatoka, linalia ta-ta. Hapo ndipo penye haja ya joto, na kwa ulivyoeleza nadhani kwako ni kwenye ile ncha yenye mkunjo mkali tu. Viganja viwili vilivyobaki vinataka subira.

Sasa twende kwenye video za mdogo wako. Chuma hutanuka kwa sehemu kama 12 kwa milioni kwa kila nyuzi joto moja. Chukua kipande cha bati cha sentimita 10, kipashe kwa nyuzi 60 zaidi ya joto lake la kawaida: kitaongezeka milimita 0.07 tu, unene wa unywele mmoja. Kikipoa kinarudi palepale kilipokuwa. Ili bati lililobanwa pande zote libadilike kwa kudumu kwa sababu ya joto peke yake, mahali pamoja pangepaswa kupanda ghafla kwa nyuzi 80 au zaidi huku pembeni pakibaki baridi. Tena mabati mengi ya siku hizi hukazika zaidi yanapookwa pamoja na rangi kiwandani, kwa hiyo yanadai zaidi ya hapo. Draya ya nywele inapasha eneo pana, taratibu, na haifiki huko.

Ushahidi mwingine uko nje ya nyumba yako. Boneti jeusi lililoegeshwa juani saa saba mchana linapita nyuzi joto 60, kisha mvua ya pwani inalishukia bila kubisha hodi. Hayo ni yale yale ya draya na barafu, na yanafanyika kila msimu. Kama joto na baridi vingetosha, magari ya Tanga na Mombasa yasingekuwa na mbonyeo hata mmoja.

Mbona basi kwenye video linatoka? Kwa sababu wanachagua mbonyeo mpana, wa kina kifupi, usio na mkunjo, kwenye bati pana kama boneti, paa au mlango wa buti. Mbonyeo wa namna hiyo unakaribia kutoka wenyewe, na msukumo mdogo kutoka nyuma, au kikombe cha mpira cha kunyonya, ungefanya kazi hiyo hiyo bila draya. Wa kwako una mkunjo, kwa hiyo umefungwa.

Na kuna hatari ambazo video hazikuonyeshi. Lile kopo la hewa la kusafishia kompyuta, wanaloligeuza kichwa chini ili limwage kimiminika cha baridi, mara nyingi lina gesi inayoshika moto. Kulipulizia kwenye bati uliyoipasha sasa hivi, na draya ambayo waya wake wa ndani umewaka wekundu iko mkononi, ni kutafuta balaa. Barafu kavu, ile ya hewa ukaa, ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, nayo inaunguza ngozi kwa sekunde chache. Kisha kuna rangi. Kama mlango uliwahi kupigwa puti, lile dongo la kujazia mabonde, na rangi huko nyuma, bati na puti havitanuki sawa, na kubadilishiwa joto ghafla kunaweza kupasua rangi ya juu vipande vipande. Magari mengi yaliyoingia yakiwa yametumika yana sehemu zilizopigwa rangi upya na mwenyewe hana habari. Funga sumaku ndogo kwenye kitambaa, ipitishe mlango mzima. Inaposhika kwa ulegevu kuliko kwingine, chini yake kuna puti.

Joto dogo lina faida moja ya kweli kwa mlango wako. Rangi ikiwa na uvuguvugu, kiasi cha nyuzi 40 hadi 50, inanyumbulika na haikatiki wakati bati linasukumwa. Mafundi wanaotoa mbonyeo bila kupiga rangi huupasha mlango kwanza kwa sababu hiyo, na pia ili gundi ya moto inayoshika vile vishikizo vya plastiki vya kuvutia isikauke haraka mno. Kwako Tanga mjini jua la saa nne linatosha. Ungekuwa Lushoto mwezi wa Julai ningekwambia washa draya. Kiganja chako kiwe kipimo: ukiweza kukiacha juu ya bati bila kukiondoa, umefika. Ukishindwa kukiacha, umepitiliza. Ila usikubali kuvutwa kwa gundi kama ile sumaku imekuonyesha puti, kwa sababu gundi itabandua rangi pamoja na puti yake.

Bampa ni habari nyingine kabisa, na hapo video za maji ya moto zinasema kweli. Bampa la IST na la magari mengi ni la polipropilini iliyochanganywa na mpira. Ingia chini ya bampa na tochi utafute maandishi yaliyochapwa upande wa ndani, mara nyingi PP, yaani polipropilini, au PP pamoja na EPDM, yaani huo mpira. Plastiki hiyo inalainika vizuri kabla ya kuyeyuka, na inayeyuka kwenye nyuzi kama 160, kwa hiyo maji yanayochemka hayawezi kuiharibu. Kama nyuma yake unaona nyuzinyuzi za kioo, hilo ni faibaglasi, mara nyingi limefungwa baadaye kwa ajili ya urembo. Hilo halilainiki, litapasuka. Liache.

Fanya hivi, na unaweza kuifanya mwenyewe Jumamosi asubuhi. Osha bampa, toa matope upande wa ndani. Fungua vibano vya chini au vya kwenye upinde wa tairi, upate nafasi ya kuingiza mkono. Kama kuna nyaya za taa au vihisi vya kuegeshea, vichomoe. Mimina maji yanayochemka taratibu juu ya mbonyeo na sentimita 10 kuuzunguka, birika la kwanza, la pili, la tatu, bila kuacha plastiki ipoe katikati. Kwako pwani maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Msomaji wa Nairobi ajue kwamba kule juu yanachemka kwenye nyuzi kama 94, na bado yanafaa, ila mabirika yataongezeka. Vaa glavu nene, ingiza mkono kwa nyuma, sukuma kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Ukikosa nafasi ya mkono, tumia kipande cha ubao kilichofungwa kitambaa. Utahisi plastiki inakubali, halafu inaruka yenyewe kwenye umbo lake. Ikisharudi, ishikilie hapo na mwenzako amwage maji baridi hadi ikakamae. Ukiiachia ikiwa ya moto inaweza kuzama tena kidogo.

Wenye mashine ya kupuliza hewa ya moto, ile ya kubandulia stika, wanaweza kuitumia, lakini mashine hiyo inapuliza hewa ya nyuzi mia kadhaa na inaunguza bampa kabla hujageuza shingo. Kaa nayo umbali wa sentimita 20, usisimame mahali pamoja, na rangi ikianza kung'aa isivyo kawaida au ukisikia harufu, ondoka. Ukiona mstari mweupe upande wa ndani wa bampa, plastiki hapo ilinyooka kupita kiasi, na utabaki na kovu dogo hata umwage maji kiasi gani. Na kabla hujafunga vibano, tazama ile povu ngumu au chuma kilicho nyuma ya bampa. Hicho ndicho kinachopokea kishindo cha ajali, na kama kimesagika kibadilishwe hata kama bampa kwa nje linapendeza.

Turudi kwenye gesi. Fundi wako si kwamba amebuni uongo. Moto wa oksijeni na asetilini ni chombo halali cha kazi ya bodi, na kwa bati lililotanuka ni moja ya njia kongwe na bora. Swali ni anapasha wapi, kwa ukubwa gani, na kwa ajili gani. Kuna fundi anayewasha moto na kuupasha mbonyeo mzima ili bati liwe laini, alisukume kwa urahisi. Hilo ndilo ninaloliogopa. Bati likiwa la moto eneo lote linatanuka, linajikuta limebanwa na bati baridi linalolizunguka, linavimba. Akilipiga nyundo likiwa hivyo analitanua zaidi. Likipoa linasinyaa bila mpangilio na kuvuta bati la jirani, na mawimbi yanasambaa hadi kwenye mstari wa mlango. Dawa yake ndiyo puti nene.

Kusinyaza kwa usahihi kunaonekana hivi. Bati limeshanyooshwa likiwa baridi, limefika karibu na umbo lake, na kimebaki kilima kidogo kinachopwaya. Fundi anachagua kilele cha kilima hicho. Anaweka mdomo mdogo kwenye kichomeo, anarekebisha moto usizidi oksijeni wala asetilini, anauelekeza kwenye doa moja lenye kipenyo cha milimita 10 tu. Rangi na kutu vimeshaondolewa hapo kwa msasa. Bati linapita rangi ya majani makavu, linakuwa la buluu, kisha jekundu lililofifia, kisha jekundu la kukolea, kwenye nyuzi kama 700. Papo hapo doa linachomoza juu kama kipele, kwa sababu limetaka kutanuka na pembeni pamekataa. Anaondoa moto. Anashika chuma cha kukingia kwa nyuma bila kukikandamiza, anapiga nyundo nyepesi kuzunguka doa, kisha pigo moja au mawili juu ya doa lenyewe, akilishindilia bati ndani yake badala ya kuliacha likimbilie pembeni. Wekundu ukishazimika na bati kuwa jeusi, anaweka kitambaa kilichoroa maji. Doa linasinyaa na kuvuta ule ulegevu wote kuelekea kwake.

Kisha anangoja. Hii ndiyo sehemu inayomtofautisha fundi na mwenye haraka. Bati likiwa bado na joto halisemi ukweli kuhusu umbo lake. Lipoe kabisa, lipapaswe kwa kiganja, ndipo aamue kama doa la pili linahitajika na likae wapi. Akipasha madoa matano mfululizo bila kungoja, anaweza kusinyaza kupita kiasi, na bati lililosinyaa mno linavuta mlango mzima. Kwenye mkunjo wako, kama ni mfupi ulivyoeleza, sitarajii madoa mengi.

Zipo njia za joto zisizo na mwali, na kwa mlango wa gari la leo nazipenda zaidi. Ile mashine ya umeme ya kuchomelea washa, vile vibati vya duara vyenye tundu, na kuvutia mbonyeo mara nyingi huja na ncha ya kaboni au shaba ya kusinyazia, inayopasha nukta ndogo sana kwa sekunde chache. Kuna pia sahani laini ya chuma kisichoshika kutu inayofungwa kwenye grenda. Ikizungushwa juu ya bati inasugua vilele peke yake, ndivyo vinavyopata joto, na maji yakifuata vinasinyaa, wakati mabonde hayaguswi. Joto likiwa dogo, uharibifu wa upande wa ndani nao unakuwa mdogo.

Na huo upande wa ndani ndio ninaotaka uukumbuke zaidi ya yote, kwa sababu wewe uko pwani. Ukipasha bati kutoka nje, unaunguza pande zote mbili. Rangi ya kwanza ya kiwandani, ambayo gari zima lilizamishwa ili ifike kila kona, inageuka majivu. Kama bati lilipakwa zinki, zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419 na kuchemka kwenye 907, kwa hiyo pale palipokuwa pekundu imevurugika au imeondoka. Kwa nje fundi atapiga praima, yaani rangi ya msingi, puti na rangi, na kila mtu atasifia. Kwa ndani bati liko uchi, kwenye mlango unaoingiza maji ya mvua kila siku kupitia mpira wa kioo, katika hewa yenye chumvi. Kutu inaanzia huko, inakula kimyakimya, na siku unapoona kipele chini ya rangi ujue bati limeshatoboka. Basi kila doa la moto lifuatiwe na kazi ya ndani: kukwangua ukoko mweusi, kupaka praima ya epoksi mahali mkono unapofika, na kupuliza nta ya kukingia kutu mahali usipofika. Vile vitundu vidogo vya chini ya mlango vya kutolea maji visizibwe na puti wala nta. Fundi akikwambia kazi ya ndani haina haja kwa sababu haionekani, chukua gari lako.

Mlango wenyewe nao una mambo yake. Ndani yake, kwa urefu, kuna upau wa chuma kigumu wa kukukinga ukigongwa ubavuni. Upau huo usipashwe moto hata kidogo. Nguvu yake ilitengenezwa kwa kupashwa na kupozwa kwa vipimo kiwandani, na moto wa mtaani unaifuta bila kuacha alama inayoonekana. Hali ni hiyo hiyo kwa nguzo ya katikati ya gari na kingo za chini ya milango. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni sehemu hizo ni za chuma chenye nguvu mara kadhaa ya bati la kawaida. Fundi akitaka kuzifanya nyekundu ili zivutike kirahisi, mkatalie hata kama amekupunguzia bei.

Usalama wa moto nisiupite kwa haraka. Pambo la ndani la mlango litolewe, pamoja na ile nailoni ya kuzuia maji na vipande vya lami vilivyobandikwa kupunguza kelele, kwa sababu vinashika moto na moshi wake ni mzito. Kioo kishushwe au kitolewe. Betri ifunguliwe, na kama karibu kuna mifuko ya hewa ya usalama, maelekezo ya Toyota ni kungoja angalau sekunde 90 baada ya kufungua betri kabla ya kugusa chochote chake. Kiti cha nyuma kitoke, maana tenki la mafuta liko chini upande huo. Mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe karibu na mkono, si ofisini. Kama gari lako lilifungwa mfumo wa gesi asilia na mtungi uko kwenye buti, usiruhusu mwali wowote karibu nalo. Utumike umeme au nguvu baridi tu. Na kwa mwenye Prius au Aqua, magari yanayotumia petroli na umeme pamoja, nyaya nene za rangi ya chungwa na betri kubwa ya nyuma zinataka fundi anayezijua kabla mtu hajawasha chochote.

Neno moja kwa fundi mwenyewe, ukipenda msomee. Moshi mweupe unaotoka zinki inapoungua unaleta homa na kutetemeka baada ya saa kadhaa, na wengi wanadhani ni malaria. Maziwa hayauzuii. Kinachouzuia ni kuondoa zinki kwa msasa kwanza, kufanyia kazi mahali penye upepo, na kuvaa barakoa ya kazi ya moshi.

Kwa kuwa wengine watasoma hapa wakiwa na gari tofauti, niongeze kuhusu aluminiamu. Maboneti ya baadhi ya Prius na ya Subaru Legacy ni ya aluminiamu, na bodi za Landrova za zamani, zilizoanza kutoka mwaka 1948, karibu zote. Sumaku haishiki hapo, na ndivyo unavyojua. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 na haibadiliki rangi kukuonya: sasa iko sawa, mara imedondoka chini. Mafundi wa Landrova wana njia nzuri ya kupima. Wanapaka kipande cha sabuni ya mche juu ya bati na kupasha kwa upole kutoka upande wa pili. Sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea, bati limelainika vya kutosha, moto unaondolewa, na kazi ya nyundo ya mbao inafuata. Lakini huko lengo la moto ni kulainisha bati lililokakamaa kwa kupigwa. Usichukue kanuni ya chuma ukaipeleka kwenye Landrova, wala ya Landrova ukaileta kwenye IST.

Basi, fundi wako umwachie? Kamuulize maswali haya kabla hujampa funguo. Ataanza kunyoosha likiwa baridi, kutokea ndani, pambo la mlango likiwa limetolewa? Moto atautumia wapi, na kwa ukubwa gani? Upande wa ndani ataukinga kwa kitu gani? Puti yake itakuwa nene kiasi gani? Akijibu kwamba moto ni wa ule mkunjo peke yake na puti haitazidi milimita 2 au 3, mpe kazi, hata kama hana karakana ya kifahari. Akisema atapasha kila kitu ili amalize haraka, siku mbili zake zitakugharimu mlango. Muombe pia akuite uje uone bati kabla puti haijapakwa. Fundi mwenye kazi nzuri anafurahi kuionyesha. Siku ya kuchukua gari njoo na ile sumaku yako, na ulinganishe mlango wa kushoto na wa kulia.

Kuhusu kununua mlango uliotumika kutoka Japani: kwa mbonyeo ulioueleza, si lazima. Ningenunua kama mkunjo umekata mstari wa umbo unaopita katikati ya mlango kwa urefu mrefu, kama fremu ya mlango imepinda na mlango haufungi sawa, au kama ukifungua pambo unakuta kutu imeshakula chini. Ukiamua hivyo, tafuta kwanza wenye rangi yako, utaokoa gharama ya kupaka. Chini ya boneti, au kwenye nguzo ya mlango, kuna kibao chenye maandishi C/TR. Herufi na tarakimu zinazofuata mwanzoni ndiyo namba ya rangi, kama 040 kwa nyeupe au 1F7 kwa fedha. Mpe muuzaji namba hiyo badala ya kumwambia "ya fedha", kwa sababu fedha ziko nyingi na juani zinatofautiana. Kabla hujalipa, inamisha mlango huo uchungulie vitundu vya chini kwa tochi, uhakikishe nao hauna kutu.